Daftari lililochafuka ndilo kombe la msimu wa roboti

Ukurasa wa 23 wa daftari la timu yetu una doa la mafuta ya mnyororo lenye umbo la kidole gumba. Juu ya doa hilo binti wa kidato cha pili ameandika kwa kalamu ya bluu: "Imejizima tena. Mara ya tano leo. Programu hatujaigusa." Chini yake mwenzake ameongeza kwa penseli: "Ilikuwa inanyanyua mkono." Ukimkabidhi mgeni daftari hili atadhani limeokotwa gereji. Mimi nimelisoma mara tatu mwanzo hadi mwisho tangu msimu wa mashindano umalizike, na kila nikilifunga nabaki na fikra ileile: sisi watu wazima wa Tanga tunaowapokea watoto mlangoni kwa swali la "mmeshika nafasi ya ngapi?" tunawauliza jambo dogo kuliko yote waliyoyafanya.

Timu yetu ilimaliza katikati ya orodha. Nilikuwa mlezi wao kwa msimu mzima, mtu wa kufungua mlango Jumamosi asubuhi, kubeba sanduku la vifaa na kuhakikisha kila mtoto amefika kwao kabla ya magharibi. Sikuwajengea roboti wala kuwaandikia programu. Nilichokiona kwa kukaa pembeni kimenifanya niamini kwamba faida kubwa ya mashindano haya kwa watoto wetu ni ruhusa ya kukosea, kuliandika kosa, na kupewa alama kwa namna walivyolikabili. Shuleni kwetu nafasi ya namna hiyo ni finyu mno.

Kwa wasiojua mambo haya yanavyokwenda, maelezo ni mafupi. Mwanzoni mwa msimu timu hupewa kanuni za mchezo: uwanja wenye vipimo fulani, vitu vya kuokota na kupanga, alama za kila kazi. Kisha zinapewa wiki kadhaa za kujenga. Mchezo wenyewe hauchukui hata dakika tatu. Utaratibu huu umeenea duniani. Shirika la FIRST, lililoanzishwa Marekani na mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989, lilifanya mashindano yake ya kwanza mwaka 1992. World Robot Olympiad ikaanza Singapore mwaka 2004. Mwaka 2017 jijini Washington yalianza mashindano ya FIRST Global, ambako kila nchi hupeleka timu moja ya vijana, na mwaka huo wa kwanza zilifika timu za nchi zaidi ya 150. Mchezo wao wa mwaka 2019 kule Dubai ulihusu kuondoa taka baharini. Niliposimulia hilo, watoto wetu walicheka kwa furaha, maana taka za bahari wanaziona kila wanapopita ufukweni Deep Sea sokoni kwa samaki.

Sasa nirudi ukurasa wa 23, kwa sababu hapo ndipo penye hoja yangu.

Roboti yetu ilikuwa kigari cha magurudumu manne chenye mkono wa kunyanyua vikopo. Wiki ya tatu ikaanza kujizima. Inakwenda vizuri, inageuka, inafika kwenye kikopo, mara taa zinazimika na kuwaka upya kama vile mtu ameibonyeza. Kijana aliyeandika programu alilala na wasiwasi siku tatu. Alibadilisha mistari, akarudisha, akabadilisha tena. Wenzake wakaanza kumtazama kwa jicho la lawama, naye akaanza kujitetea, na chumba kikawa kizito. Nilikaribia kuingilia. Nashukuru kwamba binti mwenye daftari aliniwahi.

Aliketi chini, akalifungua kurasa za nyuma na kuanza kusoma kwa sauti. Jumatano, imejizima, ilikuwa inanyanyua mkono. Ijumaa, imejizima, ilikuwa inanyanyua mkono huku inarudi nyuma. Jumamosi asubuhi imefanya kazi vizuri, mkono ulikuwa umefungwa kwa kamba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Jamani, programu haina kosa. Ni mkono unaoua."

Ilibidi waazime multimita, kifaa cha kupimia umeme, kwa fundi redio. Wakaishika kwenye vichwa vya betri, mmoja akishikilia nyaya, mwingine akibonyeza rimoti, watatu wakikodolea macho namba. Roboti ikiwa imetulia ilisoma volti 7.6. Mkono ulipoanza kupanda, namba ikaporomoka hadi 4.8, na taa zikazima mbele yetu. Kilichokuwa kikitokea kinaelezeka: mota inapoanza kunyanyua mzigo huvuta umeme mwingi kwa ghafla, betri ndogo iliyochoka ikivutwa hivyo volti zake hushuka, na kompyuta ndogo ya roboti inayohitaji volti 5 ikipungukiwa, hata kwa kufumba na kufumbua, hujizima na kuanza upya. Somo la fizikia linalo jambo hilo ndani yake, na watoto wale walikwishalinakili kutoka ubaoni na kulijibia maswali. Siku ile ndipo walipolishika.

Wakaamua mota ziwe na betri yake na kompyuta iwe na yake. Wakafunga, wakajaribu, na mkono ukaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Huo ni ukurasa wa 27. Waliona mota imekufa, wakataka pesa ya kununua nyingine. Ilichukua siku mbili kugundua kwamba betri mbili zikitumika lazima pande zake za hasi ziunganishwe, la sivyo mota haina pa kulinganishia amri inayotumiwa. Waya mmoja mweusi, urefu wa kiganja, na mkono ukatulia. Kando ya mchoro wa waya ule wameandika kwa herufi kubwa: HASI KWA HASI. Wameipigia mstari mara tatu.

Waswahili husema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hii naipenda, ila nimekuwa nikijiuliza: mtoto ataachaje kurudia kosa ambalo hakuruhusiwa kulitazama? Katika daftari la darasani kosa hupigwa kalamu nyekundu, na mwanafunzi mwerevu hulifuta au huuchana ukurasa ili mzazi asilione. Mwalimu hana lawama hapa. Ana wanafunzi wengi mbele yake, ana mtaala wa kumaliza na mtihani wa taifa unaomsubiri, na mtihani unataka jibu la mwisho. Lakini mtoto anayekulia humo hujenga mazoea ya kuficha asichokijua, na mazoea hayo huyabeba hadi kazini. Nimefanya kazi na watu wazima wa namna hiyo. Mashine inaharibika, kila mmoja anasema hakuigusa, na siku nzima inapotea.

Mashindano ya roboti yanageuza jambo hilo kwa njia nyepesi sana: daftari linakaguliwa. Katika mengi ya mashindano haya majaji huketi na timu na kuuliza mlianzaje, kipi kilishindikana, mlijuaje, mkabadilisha nini. Kwenye FIRST Tech Challenge, ambayo ni ya vijana wa miaka 12 hadi 18, timu huwasilisha kitabu kifupi cha kazi zao, kurasa zisizozidi 15 ukiacha jalada, na kuna tuzo zinazotegemea maelezo hayo. Maana yake timu yaweza kushindwa uwanjani na bado ikaheshimiwa kwa kufikiri vizuri. Siku ya mashindano nilisimama nyuma ya watoto wetu walipokuwa wakihojiwa. Jaji aliuliza ni siku ipi ilikuwa mbaya kuliko zote. Wote watano wakajibu kwa pamoja, kisha wakaanza kunyang'anyana kuisimulia. Sijawahi kumwona mwanafunzi akigombea nafasi ya kueleza alivyofeli.

Hapo pana jambo la kuzingatia kwa wanaosimamia elimu. Mitaala iliyoboreshwa, ambayo utekelezaji wake ulianza mwaka 2024, imeweka mkondo wa amali, yaani wa ufundi na kazi za mikono, sekondari kando ya mkondo wa elimu ya jumla. Ni hatua njema na naiunga mkono kwa moyo wote. Ila amali inaweza kufundishwa kama nadharia nyingine ya kukariri, wanafunzi wakachora jedwali la aina za spana bila kufungua nati hata moja. Msimu wa roboti unaonyesha dawa. Mpe mtoto kazi yenye tarehe ya mwisho, mpe kitu kinachoweza kugoma mbele ya watu, na mdai maandishi ya kila siku. Dawa hiyo inafaa hata kwa useremala, ushonaji na kilimo.

Jambo la pili lilinigusa kwa namna ambayo sikuitarajia. Siku ya mashindano, timu ya shule nyingine walivunjikiwa meno ya gia ya mota yao dakika chache kabla ya kuingia uwanjani. Wakaja mezani kwetu, wawili, wamepigwa na butwaa, wakauliza kama tuna mota ya akiba. Tulikuwa nayo moja tu. Nakiri nilisita, moyoni nikawa nahesabu alama. Watoto wangu hawakunitazama hata usoni. Nahodha alifungua kopo, akaitoa, akasema, "Chukueni, mtairudisha jioni," na mwenzake akafuatana nao na bisibisi mkononi kuwasaidia kufunga. Timu ile ilimaliza nafasi mbili juu yetu. Jioni mota ikarudi, imefungwa kwenye karatasi pamoja na pakiti ya biskuti.

Mtu anaweza kusema hao ni watoto wenye malezi mema tu, na kweli wana malezi mema. Lakini mchezo nao umepangwa kuwalea hivyo. Katika mengi ya mashindano haya timu hazichezi peke yake. Zinapangwa kwa muungano, mwenzako wa mchezo huu akawa mpinzani wako wa mchezo ujao. Ukimdharau asubuhi utamhitaji mchana. Aliyesisitiza sana mwenendo huu ndani ya FIRST ni Woodie Flowers, mwalimu wa uhandisi wa chuo cha MIT aliyefariki mwaka 2019. Alitaka vijana washindane kwa nguvu zote huku wakiheshimiana na kusaidiana, asione haya yeyote kuwa hodari na mwema kwa wakati mmoja. Huyohuyo ndiye aliyepata sifa chuoni kwake tangu miaka ya 1970 kwa kuwapa wanafunzi mfuko wa vikorokoro na kuwaambia waunde mashine ya kushindana. Vikorokoro! Hapo ndipo Tanga tunapoingia.

Mji wetu ni mji wa baiskeli, kila mwenyeji anajua. Na penye baiskeli pana mafundi, na mafundi wa Ngamiani wana elimu ya mwendo ambayo haijaandikwa popote. Tulipofika ukumbini tulikuta uwanja wa mchezo ni mbao laini zilizopakwa rangi ya mafuta. Sisi tulifanya mazoezi kwenye sakafu ya saruji ya darasani, yenye mikwaruzo. Magurudumu yetu ya plastiki yakateleza kama yamemwagiwa uto. Roboti ikawa inageuka nusu, inabaki inazungusha magurudumu palepale. Kulikuwa na mapumziko ya saa moja. Vijana wawili wakadandia baiskeli na roboti ikiwa kapuni.

Fundi waliyemfikia ni mzee. Walimwamkia, akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu. Hebu nikione hicho kigari chenu." Akakigeuza juu chini, akazungusha gurudumu kwa kidole, akasikiliza. Kisha akachukua tyubu kuukuu, akaikata kwa mkasi vipande vyembamba kama utepe, akavivuta na kuvifunga kwenye magurudumu kwa kukaza, kila kimoja kikimlalia mwenzake nusu. Alipomaliza gurudumu la kwanza aliwapa mkasi, akawaambia, "Haya, matatu yenu." Vilevile akawaonyesha kwamba gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limekaa upande na ndiyo maana lilikuwa linavuta. Hakutaka malipo. Walirudi dakika kumi kabla ya zamu yetu, roboti ikashika sakafu, na ukurasa wa 41 una kipande cha tyubu kilichobandikwa kwa selotepu.

Nimesimulia haya kwa urefu kwa sababu nadhani ndiyo faida ambayo hatujaipigia hesabu. Watoto wengi wa shule za mjini wamefundishwa bila kuambiwa kwamba elimu iko darasani na fundi ni mtu aliyekosa elimu. Siku ile wawili kati yao walisimama mbele ya mzee mwenye mikono myeusi kwa mafuta, wakamwuliza swali la kihandisi, wakapata jibu sahihi. Sasa wanapita kwake wakitoka shule. Nilimwona mmoja wao juzi akimshikia spana.

Na Tanga ina sababu zake za kulitia maanani jambo hili. Reli, bandari na mashamba vimetulea tukiwa watu wa kuendesha mashine zilizoundwa kwingine. Mkonge wenyewe ulikuja mwaka 1893, pale Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida na 62 tu ikafika ikiwa hai. Kutokana na hiyo 62 yakaota mashamba yaliyoifanya nchi yetu itajwe duniani kwa kamba na magunia. Mashine ya kuchakata majani, ambayo watu wa mashambani wanaiita korona, ililishwa na mikono ya babu zetu miaka nenda rudi, na katika kilo 100 za majani zilizoingia zilitoka kama kilo 4 za nyuzi. Nyuzi za plastiki zilipoteka soko la dunia, mji mzima ulitikisika. Nikimtazama mtoto wa kidato cha pili anayebishana juu ya gia, kwamba ndogo ikizungusha kubwa mwendo hupungua na nguvu huongezeka, namwona mjukuu wa mlisha korona akiuliza korona inaundwaje. Swali hilo lilichelewa kufika kwetu, na nina furaha kuwa limefika.

Juu ya mabinti sitasema mengi, maana timu yetu haikuwa na mjadala: mwenye daftari ni binti, mwendesha rimoti ni binti, na walipata nafasi hizo kwa kuzimudu. Nitakumbusha tu kwamba mwaka 2017 mabinti wa Afghanistan walinyimwa viza ya Marekani mara mbili kabla ya kuruhusiwa kwenda kushindana Washington, wakarudi na medali ya fedha ya ujasiri. Niliwasimulia wetu habari hiyo wakaniuliza roboti yao ilikuwa na mota ngapi.

Lipo suala la gharama, nalo ni la kweli. Vifaa vinavyouzwa vikiwa kamili kwenye sanduku ni ghali kwa shule ya kata, na mzazi mmoja aliniambia waziwazi kwamba darasa la mwanawe halina madawati ya kutosha, roboti za nini? Sikumbishia kuhusu madawati. Lakini vitu vingi vya roboti yetu vilitoka mjini humuhumu: mbao za seremala, mnyororo na gololi za baiskeli, bawaba ya kabati, nyaya za redio mbovu. Tulichonunua ni mota, kompyuta ndogo na betri, na vyote hivyo vitatumika tena mwakani. Tanga tayari tuna STEM Park, kituo cha sayansi na teknolojia ambako mtoto anaweza kugusa mambo haya kwa mikono yake, tuna mafundi, tuna walimu wenye moyo. Kinachopungua ni shule kukubali kutenga Jumamosi na chumba chenye kufuli, na wazazi kukubali kwamba mtoto akirudi na shati lenye mafuta hakuwa anacheza.

Wiki iliyopita tulivunja roboti. Ni kazi ya huzuni kidogo, skrubu baada ya skrubu, kila kitu kikihesabiwa na kurudishwa kwenye kopo lake. Mota tatu nzima, moja inanuka moto. Betri moja imevimba, tumeiweka pembeni isichajiwe tena. Watoto wawili wa kidato cha kwanza walikuja kutazama, na nahodha akawapa daftari walishike wakati yeye anafagia. Waliketi dirishani kwenye mwanga, vichwa vimegusana, wakifunua polepole. Walifika ukurasa wa 27, mmoja akaweka kidole juu ya herufi kubwa na kuita, "Dada, kwa nini hasi kwa hasi?" Binti wa daftari akaacha fagio, akachukua betri mbili kutoka kwenye kopo na kipande cha waya mweusi, akaketi sakafuni kati yao.